Springi na shokapu za gari la shamba: Pima mzigo kabla ya kwenda dukani

Na Mwandishi Wetu

WAKULIMA na wafanyabiashara wengi wanaotegemea magari ya kazi kama Toyota Land Cruiser na Land Rover hubadilisha springi kwa sababu moja tu: gari limelala nyuma. Wakifika dukani swali lao nalo huwa moja: "Ipi ngumu zaidi?"

Muuzaji huwapa iliyo nene kuliko zote, fundi huifunga, na gari hunyanyuka nyuma kama panzi. Siku hiyo mwenye gari huondoka gereji akiwa na furaha.

Furaha hiyo mara nyingi haidumu. Gari likirudi tupu kutoka sokoni huruka na kuyumba barabarani. Nyanya zilizopakiwa zikiwa nzima hufika zimepondeka. Miezi michache baadaye ufa huanza kuonekana kwenye chesesi, karibu na mahali springi ilipofungwa.

Springi nzuri si ile iliyo ngumu kuliko zote, bali ni ile inayolingana na mzigo ambao gari hubeba siku nyingi za mwaka. Ili kuipata, mwenye gari anatakiwa kuujua uzito huo kwa kilo, si kwa kukadiria kwa macho. Shokapu nazo zinatakiwa kuchaguliwa zilingane na springi hizo.

Makala haya yanaeleza jinsi ya kufanya uchaguzi huo bila kupoteza fedha.

Kila moja na kazi yake

Watu wengi huamini kuwa shokapu, au shokomzoba kama wengine wanavyoziita, ndizo zinazobeba gari. Si kweli. Uzito wa gari na mzigo wake hubebwa na springi. Ukifungua shokapu zote nne, gari litabaki limesimama karibu pale pale lilipokuwa.

Kazi ya shokapu ni kutuliza springi. Gurudumu likipita kwenye shimo, springi hukunjwa na kisha hutaka kurudi kwa nguvu. Bila shokapu ingeendelea kupanda na kushuka mara nyingi, na tairi lingekuwa likiiacha ardhi kila mara. Tairi lililo hewani haliwezi kufunga breki wala kukata kona.

Ndani ya shokapu kuna mafuta yanayolazimishwa kupita kwenye vitundu vidogo. Kazi hiyo hugeuza mtikisiko kuwa joto. Ndiyo maana ukisimama baada ya kusafiri kwenye barabara yenye mawimbi kama bati, shokapu nzima huwa ya moto.

Kwa hiyo, gari lililolala nyuma kwa sababu springi zimechoka halitainuka kwa kufungiwa shokapu mpya. Na gari linalodunda kwa sababu shokapu zimekufa halitatulia kwa kuongezewa springi ngumu. Tatizo la pili litazidi, kwa sababu springi ngumu hurudi kwa nguvu zaidi huku hakuna cha kuituliza.

Lijue gari lako kabla ya kuagiza

Jina la gari peke yake halitoshi kununulia springi. Chukua mfano wa Land Cruiser za mfululizo wa 70, ambazo zilianza kutengenezwa mwaka 1984 na ndizo zinazoonekana kwa wingi katika kazi ngumu Afrika Mashariki.

Pikapu za mwanzo za mfululizo huo, kama HZJ75, zina springi za bapa mbele na nyuma, yaani vyuma bapa vilivyopangwa kimoja juu ya kingine. Kuanzia mwaka 1999 ilipokuja HZJ79, springi za mbele zikawa za koili, zile zilizojiviringa, na za nyuma zikabaki za bapa. Mtu anayemwambia muuzaji "nataka springi za mbele za Land Cruiser pikapu" anaweza kuuziwa kitu kisichoingia kabisa.

Land Rover nazo zina historia ya namna hiyo. Zile za zamani, kama Series III, zina springi za bapa pande zote. One Ten iliyotoka mwaka 1983, ambayo baadaye iliitwa Defender, ina springi za koili mbele na nyuma. Defender hizo zilikoma kutengenezwa Januari 2016, lakini bado ziko nyingi barabarani na mashambani.

Nenda dukani ukiwa na namba ya modeli na namba ya chesesi kutoka kwenye bamba la gari. Katika bamba hilo, au katika kitabu cha gari, tafuta pia uzito wa juu ambao mtengenezaji ameruhusu gari kuwa nao likiwa na mzigo. Namba hiyo itatumika baadaye.

Gunia si kipimo

Ukimuuliza mfanyabiashara gari lake hubeba kiasi gani, wengi watajibu kwa magunia. Hapo ndipo hesabu inapoanza kupotea, kwa sababu gunia la viazi au la vitunguu lililofungwa kwa lumbesa si gunia la kilo 100. Kilemba kilichoongezwa juu huongeza kilo nyingi ambazo mnunuzi hazihesabu, lakini springi inazibeba zote. Lumbesa, ambayo Wakala wa Vipimo umekuwa ukipambana nayo kwa sababu inampunja mkulima, inamuumiza na mwenye gari pia.

Magunia 12 yanayodhaniwa kuwa tani 1 na kilo 200, kila moja likiwa na kilo 30 za ziada, ni kilo 1,560. Tofauti ya kilo 360 ni kama kuwapakia watu wazima watano juu ya mzigo bila dereva kujua.

Njia ya uhakika ni mizani ya magari. Viwanda vya kuchambua pamba, maghala makubwa ya nafaka na viwanda vya kukoboa mpunga huwa nayo. Omba kupima kwa siku moja, hata kwa kulipia. Pima mara mbili: gari likiwa tupu na mafuta yakiwa yamejaa, kisha likiwa na mzigo wa kawaida.

Kila mara pima ekseli ya mbele peke yake, halafu ya nyuma peke yake. Jumla ya gari zima haitoshi, kwa sababu springi za nyuma hazijui uzito wa gari zima. Zinajua kilichokaa juu yake tu.

Andika pia vitu vya kudumu ulivyoongeza. Bampa nzito la chuma na winchi hukaa mbele daima. Tangi la pili la mafuta, keria ya chuma na bodi iliyochomelewa kienyeji navyo ni mzigo hata gari likiitwa tupu. Mtu aliyefunga bampa na winchi mara nyingi anahitaji springi za mbele zenye nguvu kidogo, huku akihangaika na za nyuma tu.

Mzigo ulikaa wapi?

Jambo jingine linalosahaulika ni mahali mzigo ulipowekwa. Kilo 200 zikiwekwa katikati ya magurudumu ya mbele na ya nyuma hugawanywa kwa ekseli zote mbili. Zikiwekwa nyuma ya ekseli ya nyuma hufanya kazi kama mtu aliyeketi kwenye mkia wa mtumbwi: nyuma huzama na mbele huinuka.

Pikapu ya HZJ79 ina umbali wa milimita 3,180 kati ya ekseli mbili. Magunia mawili ya kilo 100 yakiwekwa mita 1 nyuma ya ekseli ya nyuma, ekseli hiyo haibebi kilo 200. Inabeba karibu kilo 263, na ekseli ya mbele inapunguziwa kilo 63. Usukani huwa mwepesi na tairi za mbele hushika barabara kidogo.

Kwa hiyo kabla ya kununua springi mpya, angalia kwanza upakiaji. Wapo ambao tatizo lao lingeisha kwa kusogeza vitu vizito karibu na kibini na kuacha vyepesi vikae mkiani.

Hesabu ya springi

Ugumu wa springi hupimwa kwa kilo zinazohitajika kuishusha milimita 1. Muuzaji makini au kitabu cha mtengenezaji kinaweza kukupa namba hiyo. Ukiwa nayo, hesabu ni ya kugawanya tu.

Tuseme vipimo vyako vya mizani vimeonyesha kuwa mzigo wa kawaida huongeza kilo 1,000 kwenye ekseli ya nyuma. Ziko springi mbili, hivyo kila moja hupata kilo 500. Tuseme pia gari likiwa tupu kuna nafasi ya milimita 90 kutoka kwenye ekseli hadi kwenye mpira wa kugongea, ule mpira mnene uliofungwa chini ya chesesi.

Springi ya kilo 6 kwa milimita itashuka milimita 83. Nafasi itakayobaki ni milimita 7, haifikii hata unene wa kidole kidogo. Kila shimo litakuwa pigo la chuma kwa chesesi.

Springi ya kilo 8 kwa milimita itashuka kama milimita 62, na zitabaki 28. Springi ya kilo 10 kwa milimita itashuka milimita 50, na zitabaki 40.

Ukiangalia hapo tu utasema ya kilo 10 ndiyo bora. Lakini kumbuka safari ya kurudi. Springi hiyo hiyo gari likiwa tupu haitakunjwa vya kutosha, na kila jiwe litafika kwenye kiti cha dereva na kwenye maungio yote ya bodi. Gari linalobeba mzigo huo kila siku linaifaa. Gari linalobeba mzigo huo mara mbili kwa mwezi wakati wa mavuno, na siku nyingine kubeba watu na dawa za shamba, haliifai.

Gari linalokwenda na mzigo na kurudi tupu

Hali ya wafanyabiashara wengi wa mazao ni hiyo: kwenda na mzigo, kurudi tupu. Kwao ziko springi za bapa za hatua mbili. Mabapa ya juu ni membamba na ndiyo yanayofanya kazi gari likiwa tupu. Chini yake huwa kuna bapa moja au mawili mazito yaliyonyooka, ambayo hayagusi mpaka mzigo ushushe springi kwa kiasi fulani. Yakigusa, springi huwa ngumu ghafla na kubeba.

Watengenezaji wa springi za magari ya porini, hasa wa Australia ambako Land Cruiser hutumika sana, huuza springi kwa daraja za mzigo wa kudumu. Duka likiwa na daraja hizo, chagua kwa namba yako ya mizani. Usipande daraja moja "kwa usalama". Springi iliyotengenezwa kubeba kilo 600 muda wote haitakuwa salama kwenye gari lililo tupu muda mwingi.

Mzigo dhaifu nao una sauti katika uchaguzi huu. Anayesafirisha mahindi hana cha kuogopa springi ikiwa ngumu kidogo. Anayebeba matenga ya nyanya, ndizi mbivu au trei za mayai anapoteza fedha kwa kila mruko. Huyo ni bora abebe kidogo kwa springi laini kuliko kubeba sana na kutupa.

Bapa la kuongeza: tahadhari

Njia inayotumika sana gereji za mtaani ni kuongeza bapa moja kutoka kwenye springi ya gari kubwa. Ni rahisi na hufanya kazi kwa muda, lakini wengi hawajui wameongeza kiasi gani.

Ugumu wa bapa haupandi sawasawa na unene wake. Hupanda kwa unene kuzidishwa kwa wenyewe mara tatu. Bapa la milimita 8 ni gumu kwa karibu nusu zaidi ya bapa la milimita 7 lenye upana na urefu ule ule. Bapa la milimita 10 hufanya kazi ya karibu mabapa matatu ya milimita 7.

Hivyo springi yenye mabapa manane ya milimita 7, ikiongezwa bapa la tisa lililo sawa na mengine, huongezeka ugumu kwa karibu asilimia 12. Ikiongezwa bapa la milimita 10, huongezeka kwa zaidi ya theluthi moja. Aidha, bapa nene likikunjwa pamoja na membamba huumia kuliko wenzake, na mara nyingi ndilo linalovunjika kwanza.

Ukilazimika kuongeza, tumia bapa lenye unene na mkunjo unaolingana na mengine, na ongeza pande zote mbili za gari.

Koili nazo ni hivyo hivyo, tena zaidi. Waya wa milimita 16 badala ya 15, vipimo vingine vikiwa sawa, huongeza ugumu kwa karibu asilimia 29. Tofauti ambayo jicho halioni, mgongo wa dereva unaiona.

Usikubali bapa lililovunjika lichomelewe. Chuma cha springi hupewa nguvu zake kwa kuchomwa na kupozwa kwa utaratibu maalumu kiwandani, na moto wa kuchomelea huiondoa nguvu hiyo pale pale pembeni mwa mshono. Kuipasha springi iliyolala kwa moto ili kuikunja upya bila kuipa tena ugumu wake nako ni kununua siku chache tu. Kufunga kwa vipande vya mipira ya tairi barabarani kunaruhusiwa kwa lengo moja: kufika gereji.

Breki na urefu wa gari

Kuna hatari moja ya springi ngumu ambayo haizungumzwi sana. Magari mengi ya kazi, yakiwamo matoleo mengi ya Land Cruiser, yana vali ya breki iliyounganishwa kwa fimbo na ekseli ya nyuma. Gari likishuka kwa mzigo, fimbo huiambia vali iruhusu nguvu zaidi ya breki kwenda magurudumu ya nyuma. Likiwa tupu, nguvu hiyo hupunguzwa ili magurudumu ya nyuma yasifunge na kuteleza.

Ukifunga springi inayoinua nyuma, gari litabeba tani moja huku vali ikidhani liko tupu. Breki za nyuma zitafanya kazi pungufu siku ile ile unapozihitaji zaidi, kwenye mteremko ukiwa na mzigo. Baada ya kubadilisha springi, mtake fundi arekebishe fimbo ya vali hiyo kwa vipimo vya kitabu cha gari.

Kuinua gari pia hubadilisha mlalo wa magurudumu ya mbele, pembe ya propela na urefu unaohitajika wa mipira ya breki. Mpira wa breki uliokuwa unatosha unaweza kuvutika gurudumu likining'inia shimoni. Kwa gari la biashara hakuna sababu ya kuliinua zaidi ya kulirudisha kwenye urefu wake wa asili.

Kuchagua shokapu

Anza kwa kujua kama za zamani zimekufa. Mafuta yaliyotiririka kwenye mwili wa shokapu ni dalili ya wazi. Tairi lililolika kwa mabonde mabonde ni dalili nyingine. Kulisukuma gari kwa mkono ili kuona kama linadunda hakusaidii sana kwa gari zito lenye springi za bapa.

Njia rahisi ni joto. Baada ya kilomita kadhaa za barabara mbovu, simama na usogeze mkono karibu na kila shokapu kwa uangalifu bila kuishika ghafla. Ambayo ni ya baridi huku mwenzake ni ya moto, haifanyi kazi. Fundi akiifungua, aivute na kuisukuma ikiwa wima. Ukinzani unatakiwa uwe sawa mwanzo hadi mwisho. Ikiwa kuna sehemu inayokwenda bure kama pampu isiyo na maji, imekwisha.

Wakati wa kununua, angalia mambo matatu.

La kwanza ni urefu. Ekseli inapopanda hadi mwisho, inatakiwa igonge mpira wa kugongea kabla shokapu haijafunga kabisa. Shokapu ikifunga kwanza, itakuwa imegeuzwa nyundo na itapasuka au kung'oa kishikizo chake. Ekseli inaposhuka hadi mwisho, shokapu isiwe fupi kiasi cha kuibeba yenyewe kila mara. Pima kwa tepu hali zote mbili.

La pili ni nguvu yake kulingana na springi. Springi ngumu inahitaji shokapu yenye nguvu zaidi wakati wa kurudi juu. Lakini shokapu kali mno kwenye springi laini ina ubaya wake: katika barabara ya mawimbi springi hukunjwa na kabla haijarudi hukutana na wimbi jingine. Gari huendelea kushuka kidogo kidogo hadi linagonga. Ndiyo maana inashauriwa kununua springi na shokapu kwa pamoja, zikiwa zimepangwa na mtengenezaji mmoja kwa mzigo mmoja.

La tatu ni joto. Shokapu za mafuta peke yake hutoa povu zikichemka, na povu halitulizi kitu. Zile zilizotiwa gesi ya naitrojeni huchelewa kutoa povu. Zenye mwili mpana na mafuta mengi huchelewa kuchemka. Kwa mtu anayetembea kilomita 20 za lami kwenda mjini tofauti ni ndogo. Kwa mtu anayetoka Mang'ola na vitunguu au milimani Makete na viazi, ni tofauti kubwa.

Dukani

Kama unaweza, nenda na springi ya zamani au uwe na vipimo vyake: idadi ya mabapa, upana, unene, ukubwa wa jicho la kila upande, na urefu kutoka bolti ya katikati hadi kila jicho. Bolti hiyo mara nyingi haiko katikati kamili, na springi iliyogeuzwa hupeleka ekseli mbele au nyuma. Uliza pia kama springi ya kulia na ya kushoto zinatofautiana.

Nunua mbili mbili, za ekseli moja kwa wakati mmoja. Springi mpya upande mmoja na iliyochoka upande wa pili hulaza gari na kulivuta.

Nunua pamoja na bushi mpya na bolti mpya za kukumbatia ekseli. Bolti zilizokwisha kukazwa kwa nguvu zimevutika na hazishiki kama mwanzo.

Bidhaa bandia ni nyingi katika spea hizi. Boksi lenye maandishi yaliyofifia, shokapu nyepesi kuliko kawaida, na bei ya chini mno kuliko maduka mengine ni dalili za kukushtua. Dai risiti yenye jina na namba ya kifaa. Bila risiti huwezi kurudisha, na hata malalamiko yako mbele ya Tume ya Ushindani, yenye jukumu la kupambana na bidhaa bandia, yatakosa miguu.

Wakati wa kufunga

Springi nzuri inaweza kuharibiwa kwa saa moja ya ufundi mbaya. Simama karibu na uangalie mambo haya.

Shokapu zilizolazwa dukani zisimamishwe wima na kuvutwa na kusukumwa mara kadhaa kabla ya kufungwa, ili hewa itoke kwenye mafuta. Fundi asishike kwa koleo ile fimbo inayong'aa. Mkwaruzo mmoja huchana sili na mafuta huanza kuvuja wiki ile ile.

Bolti za bushi za mpira zikazwe mwisho gari likiwa chini, limesimama kwa magurudumu yake. Zikikazwa gari likiwa juu ya jeki, mpira huwa umekazwa vibaya na hujikunja muda wote hadi unapasuka. Bushi za mpira zisipakwe grisi ya kawaida, huila.

Rudi gereji baada ya kilomita 500 hivi kukaza tena bolti za kukumbatia ekseli. Zikilegea, bolti ya katikati hukatika, ekseli husogea, na gari hutembea upande kama kaa. Springi mpya hushuka kidogo wiki za mwanzo, hivyo pima urefu tena wakati huo, kisha urekebishe mwanga wa taa na mlalo wa magurudumu ya mbele.

Gharama na mipaka

Bei isipimwe kwa siku ya kununua. Tuseme seti moja ni Sh600,000 na hudumu mwaka mmoja, na nyingine ni Sh1,200,000 na hudumu miaka mitatu. Ya kwanza inakugharimu Sh600,000 kwa mwaka, ya pili Sh400,000, hujahesabu malipo ya fundi mara tatu na siku ambazo gari lililala gereji wakati bei ya mazao iko juu.

Lakini hata springi bora haiongezi uzito ulioandikwa kwenye bamba la gari. Breki, bearingi, ekseli, chesesi na tairi ni vile vile. Springi ngumu huondoa dalili tu, yaani gari halilali tena, na dereva huanza kuamini kuwa linaweza kubeba zaidi. Hapo ndipo ekseli hukatika mlimani.

Sheria nayo haitazami springi. Nchini Tanzania magari yenye uzito wa kuanzia tani 3.5 yanatakiwa kupita kwenye mizani ya barabara kuu, na pikapu iliyojazwa kupita kiasi inaweza kuvuka kiwango hicho. Ikiwa vipimo vyako vinaonyesha kuwa mzigo wako wa kawaida unazidi namba ya bamba, jibu si springi. Ni safari mbili, au kukodi gari kubwa zaidi siku za mavuno.

Kwa anayejiandaa kubadilisha springi na shokapu kabla ya msimu ujao, afike dukani na karatasi yenye mambo sita: modeli na namba ya chesesi, uzito wa kila ekseli gari likiwa tupu, uzito wa kila ekseli likiwa na mzigo, uzito unaoruhusiwa na mtengenezaji, nafasi iliyopo hadi kwenye mpira wa kugongea, na idadi ya safari za mzigo na za kurudi tupu kwa wiki. Muuzaji atakayeisoma karatasi hiyo kabla ya kutaja bei ndiye wa kununua kwake.